Nyumba Iliyokula Pensheni

SEHEMU YA SITA

Mashuka kumi na mawili meupe, mabichi, yanapepea kwenye kamba ya nyumba ambayo kwa mujibu wa karatasi haijalaza mgeni hata mmoja tangu mwezi wa tano!

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Khamisa Jumamosi iliyopita, msomaji wangu. Amesimama nyuma ya nyumba yake mwenyewe, Mambrui, bahasha kaibana kwapani, anachungulia kama aliyekuja kuiba.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, jua haya tu. Khamisa ni muuguzi mstaafu, mjane, mkaazi wa Kisauni. Pensheni yake yote aliitia kwenye nyumba hii ya vyumba vinne ya kukodisha watu wa likizo. Mdogo wake, Mujahid, ndiye anayeiendesha, na kila mwisho wa mwezi humletea bajeti. Kila bajeti inasema lile lile: nyumba imekula, dada, ongeza pesa. Mwezi uliopita Khamisa aliuza bangili zake za harusi ili kuilisha. Sasa Mujahid anataka nyumba iuzwe, na Ijumaa hii anataka jibu.

Basi leo Jumatano, alfajiri, Khamisa alifunga mlango wake akaja Mambrui bila kumwambia mtu.

Alilishika shuka la kwanza. Lilinukia sabuni.

"Nani huyo?"

Mwambire, mlinzi wa nyumba, alichomoza kutoka upenuni na beseni la mashuka mengine. Alipomtambua tajiri wake, beseni lilimponyoka.

"Shikamoo, Bi Khamisa."

"Marahaba. Mashuka ya nani haya?"

"Ya wageni, bibi."

"Wageni gani?"

"Wale wa Nakuru wameondoka jana. Wa leo wamefika saa mbili asubuhi, wako bwawani."

Khamisa alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Ukweli ulipotoka upesi namna ile, bila hata kikohozi, ulimtia shaka zaidi.

"Mwambire, nitazame usoni. Tangu lini unaingiza watu nyumbani kwangu kwa siri?"

"Mimi?"

"Si wewe uliye hapa usiku na mchana? Mujahid ananiambia hesabu zote anazipata kwako. Maji wewe, umeme wewe, dizeli wewe. Pesa za wageni hawa zinaingia mfuko gani?"

Mzee alifuta mikono kwenye shati. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, wa maneno machache.

"Bibi, mimi nina miezi miwili sijaona mshahara."

"Muongo!" Khamisa alitoa karatasi kwenye bahasha. "Elfu kumi na tano kila mwezi. Umeandikwa hapa, umelipwa!"

"Elfu kumi na tano?" Mwambire alicheka, kicheko kikavu. "Nipe hiyo karatasi niilambe. Mimi napewa elfu saba. Nikipewa."

Khamisa aliitazama tena karatasi.

Elfu saba! Mmoja kati ya hawa wawili alikuwa mwizi, ama mzee huyu anayesimama mbele yake, ama kitinda mimba wa mama yake mzazi. Na kati ya hao, yupi ungemchagua wewe?

Yeye alimchagua Mwambire.

"Una ushahidi?" aliuliza kwa ukali.

"Njoo stoo."

Alimfuata kwa tahadhari, mkono mmoja ndani ya mkoba ameishika simu. Stoo ilikuwa na giza na harufu ya klorini. Mwambire akaufunga mlango nyuma yao.

"Kwa nini unafunga?" Khamisa aliruka.

"Kwa sababu hesabu iko nyuma yake."

Mwambire aliwasha taa. Upande wa ndani wa mlango ulijaa mistari, mafungu kwa mafungu, kuanzia juu hadi usawa wa magoti.

"Mimi sikusoma, bibi. Hii mistari ya mkaa ni maboza, malori ya maji. Likija boza, napiga mmoja. Hii ya chokaa ni usiku wa wageni. Wakilala, napiga mmoja. Kila mwezi una fungu lake. Nilifanya hivi ili Bwana Mujahid akiniuliza nisikosee."

"Aliwahi kukuuliza?"

"Hajaniuliza hata siku moja."

Khamisa alivaa miwani. Kwa miaka thelathini na moja alisimamia wodi, na katika miaka hiyo alijifunza jambo moja asiloweza kulisahau. Chati ya mgonjwa inayoonyesha joto lile lile asubuhi, mchana na jioni, siku tano mfululizo, haikuandikwa na mtu aliyeshika kipimajoto. Imeandikwa na mtu aliyekaa kitini akinywa chai.

Bajeti ya Mujahid ilikuwa chati ya namna hiyo, na ndiyo iliyomnyima usingizi. Maji, elfu kumi na nane. Aprili, shule zimefungwa, watu wamejaa: elfu kumi na nane. Mei, mvua ya masika inamwagika na matangi yanafurika: elfu kumi na nane. Umeme, dawa ya bwawa, dizeli, zote zimekwama mahali pamoja mwezi baada ya mwezi. Nyumba ya kukodisha haiko hivyo. Ina miezi ya kula na miezi ya kufunga.

Mlango wa stoo ulikuwa na miezi hiyo. Aprili, maboza manne. Mei, hakuna hata moja. Juni moja, Julai matatu. Hesabu ya mlangoni ilipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua.

"Nipe kigoda," alisema.

Alikaa pale pale, akageuza karatasi ya Mujahid akaanza kuandika mgongoni mwake. Alichukua Aprili. Usiku wa chokaa kumi na tisa. Alijua bei aliyoipanga mwenyewe, elfu kumi na nane kwa usiku. Akazidisha. Akatoa maji ya kweli, umeme, dawa ya bwawa, gesi na sabuni, leseni, mshahara kamili wa Mwambire. Akatoa na elfu thelathini za akiba ya makuti na rangi, kwa sababu chumvi ya bahari haimwonei huruma mtu, na asiyeweka kidogo kidogo hujikuta anakopa siku paa linapofunguka.

Alihesabu mara mbili.

Zilibaki laki mbili na ishirini na mbili elfu. Faida! Kwa mwezi mmoja tu!

Akaigeuza karatasi. Upande wa Mujahid, Aprili ile ile: upungufu, elfu arobaini na sita. Alikumbuka jinsi alivyozituma zile arobaini na sita, akala ugali na mchicha wiki tatu.

"Na makuti?" aliuliza, sauti imeshuka. "Hapa kuna laki mbili na arobaini za kuezeka upya. Mwezi wa tatu."

Mwambire alifungua mlango akampeleka ukumbini, akaonyesha juu kwa kidole. Makuti yalikuwa meusi, yamelegea, na jua lilipenya kwa vitundu vitundu hadi sakafuni. Kati ya makochi palikuwa na ndoo ya kukingia mvua.

"Ni yale yale ya siku tuliyofungua nyumba," alisema.

"Kwa nini hukunipigia simu, Mwambire? Miezi yote hii!"

"Namba yako ilikuwemo kwenye simu yangu. Bwana Mujahid akaichukua, akasema ina kasoro, ataipeleka kwa fundi. Iliporudi, walionisomea hawakuona jina lako. Nikamwomba namba. Akasema dada hataki kusumbuliwa."

Khamisa alitaka kuamini. Lakini mzee huyu alikuwa na majibu kwa kila swali, na mtu mwenye majibu kwa kila swali naye ni wa kuangaliwa. Mistari ya mkaa mtu anaweza kuichora asubuhi moja.

Alihitaji mdomo wa tatu.

Mdomo huo ulikuja wenyewe. Mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, taulo mabegani, aliingia kutoka bwawani. Nje watoto wake walikuwa wakirukia majini kwa kelele.

"Habari zenu. Samahani, maji ya bafu ya juu hayatoki. Mimi ni Zipporah, ndio tumefika leo. Mama, wewe ndio mwenye nyumba?"

Khamisa alisita. Akatabasamu.

"Mimi ni wa usafi, mwanangu. Maji tutayashughulikia. Mtakaa siku ngapi?"

"Tano. Tumelipa zote mara moja, elfu tisini. Kaka wa simu alikataa kabisa nilipe nusu."

"Kaka gani huyo? Hapa wanabadilishana, nisije nikampelekea malalamiko yako mtu mwingine."

"Jina hakusema. Namba ninayo." Zipporah alifungua simu akamsomea.

Haikuwa namba ya Mujahid. Khamisa aliijua ya Mujahid kwa kichwa, na hii haikufanana nayo hata kidogo. Alimtupia jicho Mwambire. Mzee aliinamisha uso.

Kumbe! Ni yeye basi? Ana laini ya pili?

Zipporah alipotoka, Khamisa aliiingiza ile namba kwenye simu yake kana kwamba anatuma shilingi mia. Unajua jinsi inavyokuwa, msomaji: kabla pesa hazijaondoka, jina la mwenye namba hujitokeza ili uthibitishe. Alibonyeza. Kimduara kilizunguka. Kikazunguka tena.

Jina likatokea.

MUJAHID MAHADHI.

Mahadhi lilikuwa jina la baba yao.

Khamisa alifuta muamala, akaketi kwenye mkono wa kochi. Mujahid alikuwa na miaka minne mama yao alipofariki. Yeye Khamisa, msichana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kushika penseli, akamlipia shule hadi chuo kwa mshahara wa uuguzi. Hakuzaa mtoto wa kiume. Hakuona haja.

"Mwambire."

"Labeka, bibi."

"Nisamehe. Nilikudhania vibaya."

Mzee alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga. Akatazama pembeni. Khamisa aliona, lakini alikuwa na machozi machoni, hakulipa uzito.

Alipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akampigia ndugu yake.

"Dada!" Sauti ya Mujahid ilikuja tamu kama kawaida. "Shikamoo dada yangu. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama tu. Niko nyumbani hapa, nimekaa na makaratasi yako. Hebu niambie, huko Mambrui hali ikoje?"

"Ah, dada, nitasema nini? Nyumba tupu. Jana nimepita mwenyewe, hata paka hayupo. Kwa kweli mimi nakuonea huruma. Nyumba ile inakunyonya."

Nje, mtoto wa Zipporah aliruka bwawani kwa kishindo, na wenzake wakapiga ukelele.

Sauti ya Mujahid ilibadilika.

"Dada, uko wapi?"

"Si nimekwambia, nyumbani."

"Nasikia maji."

"Watoto wa jirani wanaogeshwa uani. Leo wamejaa humu. Haya, endelea."

"Wanaogeshwa saa tano?"

"Mujahid, umekuwa askari? Nasema endelea."

Mujahid alipumua. Khamisa pia alipumua, kimya kimya, simu kaisogeza mbali na mdomo.

"Nilikuwa nasema mnunuzi bado anatoa milioni saba. Najua ulitumia kumi na moja, lakini hakuna mtu mwingine. Ukikubali Ijumaa, ukituma tu ujumbe wa maandishi kwamba umekubali, mimi nitamaliza yote. Hutahitaji hata kutoka nyumbani."

"Na karatasi za kutia sahihi?"

"Hakuna cha kutia sahihi, dada."

Alijibu haraka mno.

"Nyumba inauzwa bila sahihi ya mwenyewe? Tangu lini, Mujahid?"

"Yaani... hayo baadaye. Wakili atayapanga. Wewe tuma huo ujumbe. Hata leo ukiweza. Dada? Ukiweza leo, tuma leo."

Simu ilikatika, na hakuwa Khamisa aliyeikata.

Akabaki ameishika. Kwa nini leo? Kwa nini anataka neno "nimekubali" kwa maandishi, lakini sahihi haihitaji? Katika wodi alizoea kuona daktari akitaka idhini ya mgonjwa baada ya upasuaji kufanyika, ili mafaili yalingane.

Honi ililia langoni.

"Nenda kafungue," alimwambia Mwambire. "Kama ni Mujahid, usiseme niko ndani."

Mzee alitoka na fungu la funguo. Khamisa alijibanza nyuma ya pazia la ukumbi. Gari jeupe liliingia polepole. Hakuwa Mujahid. Aliteremka mwanamume wa makamo mwenye kofia ya nyasi, mkononi ana futi ya kupimia na faili la bluu. Alinyoosha futi kutoka ukuta hadi bwawa, akaandika. Akarudi akapima mlango. Akagonga nguzo ya baraza kwa kidole, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu anayekagua kilicho chake.

Khamisa hakuweza kuvumilia. Alitoka.

"Hujambo, baba? Unapima nini?"

"Sijambo mama, habari yako. Naitwa Thuku." Alimpa mkono kwa heshima. "Wewe ndio unachunga hapa? Pole, sikutaka kusumbua wageni. Nataka kujua gharama ya hii paa kabla sijamaliza kulipa. Waliniambia imeezekwa mwezi wa tatu. Hii si ya mwezi wa tatu."

"Kulipa nini?"

"Nyumba. Niliinunua mwezi wa pili. Nimetoa milioni nne, imebaki tatu mwisho wa mwezi."

Khamisa aliishika nguzo.

"Ulinunua kwa nani?"

"Kwa mwenyewe. Mama mmoja mzee wa Mombasa. Sijamwona, maskini, niliambiwa ni mgonjwa na macho hayaoni. Kakake ndiye alileta makaratasi."

"Jina lake?"

Thuku alifungua faili. "Khamisa Mahadhi."

"Ndiye mimi."

Mtu yule alivua kofia. Alimtazama miwani, akamtazama mikono, akatazama tena faili lake. Tabasamu lilimtoka usoni.

"Mama, tafadhali. Nimeuza shamba la baba yangu kupata hizi pesa. Usicheze na mimi."

"Sichezi. Sijakuuzia nyumba. Sijamuuzia mtu yeyote!"

"Basi hii ni nini?" Alimsogezea mkataba, ukurasa wa tatu. "Kama si sahihi yako, niambie, tutoke hapa pamoja twende polisi sasa hivi. Lakini kama ni yako, mama, mimi sina kosa na nyumba ni yangu."

Khamisa aliisogeza karatasi karibu. Alitarajia kuona sahihi ya kughushi, mkono wa mtu anayeiga.

Alichokiona ni sahihi yake. Kh yenye mkia mrefu, nukta mbili mwishoni kwa mazoea ya wodini. Ilikuwa imepinda kidogo, imepanda juu ya mstari. Na papo hapo akakumbuka. Februari! Wiki ile aliyotolewa mtoto wa jicho, bendeji usoni, chumba giza. Mujahid kaketi kitandani, ananukia udi, ameshika kidole chake akikiweka kwenye karatasi. "Hapa, dada. Na hapa. Ni leseni ya kaunti tu." Yeye, ambaye hakuwahi kumpa mgonjwa kidonge bila kusoma chupa, alitia sahihi bila kuona.

Angeweza kukana. Neno moja tu, si yangu, na mtu huyu angekwenda naye polisi. Thuku alikuwa akimtazama, kofia ameikunja kifuani, midomo imemkauka.

"Ni yangu," alisema Khamisa. "Mkono ni wangu. Lakini nilidanganywa, na nitakuonyesha hivyo mahakamani, nikushinde au unishinde. Hakuna mtu aliyenisomea karatasi hii."

"Mama, pana shahidi. Shahidi ameapa kwamba ulisomewa neno kwa neno ukakubali, akiwepo."

"Shahidi gani? Chumbani tulikuwa wawili!"

Thuku aligeuza ukurasa.

Chini kabisa hapakuwa na sahihi. Palikuwa na alama ya kidole gumba, kwa wino wa buluu, mistari yake imetokeza vizuri. Kando yake, kwa mwandiko wa Mujahid, jina la shahidi: Mwambire Ngumbao, mlinzi.

Khamisa aligeuka kwa kishindo.

"Mwambire!"

Hapakuwa na mtu. Lango lilikuwa wazi, funguo zote za nyumba zinaning'inia kwenye kufuli, na njia ya mchanga iendayo barabarani ilikuwa tupu.